Kuchagua Laini ya Simu kwa Safari ya Ng'ambo

Kila msimu wa vuli unapokwisha na majamvi kukunjwa, hutujia ofisini wanachama waliokuja kuaga. Huyu anakwenda Umra, yule anamfuata mwanawe Maskati, na wengine, wala si wachache, wanakwenda Kigoma na Ujiji kutazama jamaa zao, na kutoka huko huvuka mpaka kuingia Burundi, Kongo au Zambia. Swali lao huwa moja: "Nichukue laini gani ya simu?" Tumelijibu kwa mdomo mara nyingi, na sasa twaona yafaa tuliandike, kwani jibu lake si fupi kama swali lenyewe.

Tutachukua mfano wa Buzebazeba. Hii ni kata katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, na wenzetu kadhaa wana ndugu huko. Udugu baina ya visiwa vyetu na Ujiji ni wa tangu zama za misafara. Tippu Tip, aliyepita njia hizo kwenda Manyema, alikuwa na mashamba ya mikarafuu Unguja, na watu wengi waliotoka Manyema walibaki pwani na visiwani wakazaa na kuzaliana. Zama hizo barua ya Ujiji ilikuja Unguja kwa miguu ya wapagazi, na miezi mitatu ilikuwa si ajabu. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 safari ikawa ya siku chache. Leo mtu wa Buzebazeba humpigia nduguye aliye Wete wakaonana na uso. Lakini mtu huyo huyo akishapita Manyovu kuingia Burundi, au akishapanda boti kwenda Kalemie, simu aliyoizoea huweza kuwa bubu, au ikala salio lote kwa mazungumzo ya dakika chache.

Kwanza tuliondoe jambo moja dogo. Aliyetoka Pemba akafika Buzebazeba hajatoka nchini. Laini yake ya nyumbani ndiyo ile ile, bei ni zile zile, na hana haja ya kununua nyingine. Twasema hivi kwa kuwa wapo waliouziwa laini mpya njiani kwa kuambiwa kwamba "laini za Zanzibar hazishiki bara." Hayo si kweli. Zantel, kampuni iliyoanza kwetu mwaka 1999, iliunganishwa na Tigo, na mwaka 2024 Tigo ikabadili jina ikawa Yas; kwa hivi mwenye laini ya zamani ya Zantel anatumia minara ile ile atumiayo mtu wa Kigoma mwenye laini ya Yas. Vodacom, Airtel, Halotel na TTCL ni hali moja. Linalobaki ni kujua mtandao gani una nguvu zaidi mtaani kwa mwenyeji wako, na la kumwuliza ni mwenyeji mwenyewe, si mwenye kibanda cha kuuzia laini. Na kama ukiona bora uhame kampuni, tangu mwaka 2017 sheria inakuruhusu kuhama na namba yako. Huna sababu ya kuitupa.

Sasa tufike mpakani, ambako ndiko kwenye mambo.

Mtu akivuka ana njia tatu. Ya kwanza ni kubaki na laini ya nyumbani na kuitumia huko ugenini kwa kupitia minara ya kampuni ya nchi ile. Huduma hii watu wa simu huiita romingi. Ya pili ni kununua laini ya nchi ile. Ya tatu ni laini isiyo na kadi, iitwayo eSIM, ambayo huingizwa ndani ya simu kwa intaneti. Hii ya tatu tutaipita upesi: hutaka simu ya kisasa yenye uwezo huo, na nyingi katika zile zinazouzwa kwa wasafiri ni za intaneti tu, hazina namba ya kupigiwa. Kwa mtu anayekwenda Ulaya kwa wiki moja zinaweza kumfaa. Kwa mzee anayetaka kusikia sauti ya msimamizi wa shamba lake, sivyo.

Katika hizo mbili za kwanza, wengi hudhani sharti wachague moja na kuiacha nyingine. Hapo ndipo watu wanapopata khasara. Rai yetu ni kwamba laini ya nyumbani isitoke katika simu hata siku moja, na laini ya ugenini iwekwe kando yake, kila moja na kazi yake. Laini ya nyumbani ni ya kupokea ujumbe, na khasa ujumbe wa fedha na wa benki. Laini ya ugenini ni ya kuzungumza na kutumia intaneti kwa bei ya wenyeji.

Sababu yake ni hii. Zamani namba ya simu ilikuwa ni ya kupigia simu tu. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na wengine wakafuata, namba imekuwa mkoba. Fedha za kulipia wachumaji zimo humo. Benki nayo, ukitaka kutoa fedha kwa simu, hukutumia namba za siri za mara moja kwa njia ya ujumbe mfupi, na ujumbe huo huja kwenye laini uliyoisajili nyumbani tu. Aliyeitoa laini hiyo simuni amefunga mkoba wake mwenyewe na ufunguo ameuacha nje.

Mwanachama mmoja wa Pemba ametupa ruhusa tueleze khabari yake bila ya kumtaja jina. Alikwenda Buzebazeba kwenye arusi ya binti wa nduguye, na baada ya arusi wakamwomba wavuke pamoja mpaka Bujumbura kuwajulia hali wazee. Simu yake ilikuwa ya tundu moja. Alipovuka mpaka kijana muuza laini akaitoa laini yake ya nyumbani, akaweka ya Burundi, na ile ya kwanza akaifunga katika karatasi na kumpa. Bwana akaitia katika mfuko wa kanzu. Siku ya pili kanzu ikaenda kufuliwa. Huku nyumbani uchumaji ulikuwa haujamalizika katika kipande kimoja cha shamba, na fedha za wachumaji zilikuwa katika laini ile. Msimamizi alimpigia siku tatu asimpate. Wachumaji, ambao hulipwa kwa pishi na hawawezi kungoja, wakahamia shamba la jirani, na karafuu zikabaki mtini mpaka zikawa mpeta. Yeye mwenyewe ikambidi arudi Manyovu, ateremke mpaka Kigoma mjini, apate laini nyingine kwa namba ile ile. Hakuna jamaa aliyeweza kumchukulia, kwa sababu laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole hurudishwa kwa vidole vya mwenyewe.

Simu ya tundu mbili ingemwepusha na yote hayo. Siku hizi si ghali, na hata zile ndogo za vibonyezo zipo za laini mbili. Aendaye nje asiye nayo na aazime. Kabla ya kuondoka aihakikishe kuwa haijafungwa kwa kampuni moja, kwani baadhi ya simu zinazoletwa na jamaa kutoka Ulaya na Arabuni hukataa laini isiyo ya kampuni iliyoziuza. Njia ya kujua ni nyepesi: azima laini ya kampuni nyingine, itie, ujaribu kupiga.

Laini ya nyumbani nayo inataka matengenezo kabla ya safari. Ipigie simu kampuni yako ungali nchini, uwaulize kama romingi imefunguliwa na bei ya nchi unayokwenda ni ipi. Uitaje nchi kwa jina lake, wala usiulize "bei ya nje," kwani bei ya Burundi si ya Zambia. Weka salio dogo ndani yake. Kisha katika simu yako zima intaneti ya romingi kwa laini hiyo. Simu za kisasa hazitulii. Hata zikiwa mfukoni huita intaneti zenyewe kutafuta picha na khabari, na huko ugenini kila tone lina bei. Kwa kampuni nyingi kupokea ujumbe mfupi ugenini hakulipiwi, lakini kupokea simu ya sauti hulipiwa na wewe uliyepokea. Jambo hili huwashangaza wengi, maana nyumbani anayelipa ni mpigaji. Basi laini ya nyumbani ikilia huko Bujumbura usiipokee. Tazama ni nani, ukate, umpigie wewe kwa njia nyingine.

Wapo wazee watakaosema kwamba mambo hayakuwa hivi. Ni kweli. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, mtu akawa huvuka mpaka na kupiga simu kama aliye kwao, na khabari hiyo ilisifiwa dunia nzima. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Baadaye, mwaka 2014 na 2015, Kenya, Uganda na Rwanda zikapatana kupunguza bei za romingi baina yao. Hayo yote ni mema, lakini mtu asisafiri kwa kutegemea sifa za zamani wala mapatano ya nchi nyingine. Aulize bei ya mwezi huu, ya nchi ile anayoikusudia.

Kufanana kwa majina kuna khatari nyingine kubwa zaidi, nayo ni ya fedha. Ukifika Kongo utaona Vodacom na utaona M-Pesa, kwani ilianzishwa huko mwaka 2012. Utaona Airtel Kongo na Zambia pia, na Airtel Money yake. Rangi ni zile zile na wakala amekaa chini ya mwavuli ule ule. Lakini daftari si moja. Wakala wa M-Pesa wa Kalemie hawezi kukutolea fedha zilizo katika M-Pesa yako ya Tanzania; kwake yeye namba yako haipo. Kwa hivi fedha za njiani zitolewe kwa wakala wa Buzebazeba au Kigoma mjini kabla ya kuvuka, zibadilishwe kwa wabadilishaji wenye leseni, na zile za nyumbani zibaki katika simu kwa ajili ya kumtumia msimamizi. Huko Burundi utakuta Lumitel, Econet Leo na Onatel. Lumitel ni ya Viettel, wale wenye Halotel yetu, lakini hapo pia daftari ni mbalimbali.

Tukija kwenye kununua laini ya ugenini, twashauri isinunuliwe pale pale mpakani ukiwa na haraka ya gari. Ingoje mjini. Bujumbura kuna mtaa wa Buyenzi ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani, na huko muuzaji atakueleza kifurushi chake ukamfahamu. Kwengineko maelezo mengi ni ya Kifaransa, na mtu huweza kununua intaneti ya siku moja akidhani ni ya mwezi. Kongo utasikia watu wakitaja "ma-unité". Hiyo ndiyo vocha. Nunua katika duka la kampuni au kwa wakala anayejulikana na mwenyeji wako, na uende na pasipoti, kwani karibu kila nchi hutaka laini isajiliwe kwa jina la mtumiaji. Ukipewa laini "iliyo tayari," imekwisha sajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua, ikatae. Siku mwenye jina hilo atakapotafutwa, simu itakuwa mkononi mwako.

Hata hapa nyumbani kuna hila tunayopenda kuwaonya wanachama. Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini zetu husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Wako mawakala wasio waaminifu ambao humwambia mtu, khasa mzee, "Kidole hakikushika, weka tena." Kidole kimekwisha shika, na cha pili kinasajili laini nyingine kwa jina lako, ambayo atauziwa tapeli. Ukitaka kujua laini zilizo kwa jina lako, bonyeza *106# na ufuate maelezo. Mwanachama afanye hivyo kabla ya safari na baada ya safari.

Na matapeli ndio sababu ya kuzungumzia namba mpya. Msafiri akibadili namba, watu wa nyumbani huwa tayari kuamini namba yoyote ngeni. Ukija ujumbe usemao, "Ni mimi, simu yangu imepotea, nitumie fedha kwa namba hii," msimamizi asiye na shaka hutuma, kwani anajua bwana yuko safarini. Kwa hivi kabla ya kuondoka mpatane neno moja la siri baina yako na msimamizi na mkeo au mwanao, jina la mti fulani shambani au la ng'ombe, ambalo mgeni hawezi kulijua. Asiyelitaja asitumiwe kitu. Na namba mpya ijulishwe kwa sauti, si kwa maandishi. Wenye WhatsApp wajue kwamba wakitia laini ya ugenini programu huweza kuwauliza kama wanataka kubadili namba. Wakatae. WhatsApp itaendelea kwa namba ya zamani juu ya intaneti ya laini mpya, na watu wa nyumbani hawataona mabadiliko yoyote.

Namba zote katika simu ziandikwe kwa ukamilifu wake. Sifuri ya mwanzo huondolewa na kuwekwa +255, ndipo namba ya Wete itakapopatikana ukiwa Bujumbura. Jamaa wakikupigia wewe Burundi huanza na +257, Kongo +243, Zambia +260. Mwenye namba zilizoanza na sifuri akizipiga kutoka huko, ama hazitakwenda, ama atamwamsha mtu asiyemjua.

Limebaki jambo la saa, ambalo wengi hawalifikiri. Burundi, Kongo ya mashariki na Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja. Simu nyingi hupata saa kutoka kwenye mnara zilioushika. Aliye karibu na mpaka, kama vile Kagunga au milima ya Manyovu, simu yake huweza kushika mnara wa upande wa pili ingawa yeye hajavuka, na saa ikarudi nyuma usiku bila ya yeye kujua. Ataamka kwa saa ya simu na kukuta basi limekwisha ondoka, na sala ya alfajiri imempita. Mbali na hayo atatozwa bei ya romingi akiwa kwao. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya simu, kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ijichagulie, na kuzima saa ya kujirekebisha. Kuhusu ziwani hakuna dawa. Mnara wa kawaida wa 2G haufiki mbali kuliko kilomita 35 hivi, na upana wa Ziwa Tanganyika ni kama kilomita 50. Boti likiwa katikati usitegemee simu, uage kabla ya kung'oa nanga.

Wanaokwenda Hija na Umra, na wanaokwenda Omani na Imarati, wafuate kanuni ile ile ya laini mbili. Saudia laini husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, na mawakala huwa wengi viwanja vya ndege wakati wa Hija. Usikubali kuweka kidole mara mbili huko pia. Imarati na Omani simu za sauti za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa, ingawa maandishi hupita. Basi anayekwenda kwa jamaa zetu wa Maskati amwulize mwenyeji wake kabla ya kupanda ndege ni programu gani wanayotumia kupigia simu nyumbani, na aitie simuni, na kwa msimamizi wake pia, angali hapa. Aendaye kukaa miezi mingi asisahau kuitumia laini ya nyumbani mara kwa mara, walau kwa ujumbe mmoja, kwani laini iliyolala muda mrefu huweza kufungwa na namba kupewa mtu mwingine, pamoja na njia ya kufikia mkoba wako.

Ofisi imefungua daftari la wasafiri. Mwanachama atakayetoka nje ya nchi aandike humo jina la msimamizi wake, nchi anayokwenda na siku anayotazamia kurudi. Akishapata laini ya ugenini aipigie ofisi kwa sauti yake mwenyewe asubuhi ya siku ya kazi, na karani ataandika namba hiyo na kumpelekea msimamizi siku hiyo hiyo. Namba itakayoletwa kwa ujumbe wa maandishi haitaandikwa.